Kiraka Juu ya Kitambaa Kizima

Skolastika Mkude alikuwa na kumbukumbu ya siku aliyoambiwa kwamba ubongo wake umeanza kuharibika, na aliipenda kumbukumbu hiyo kuliko hata ya harusi yake. Daktari Ngonyani amekaa nyuma ya meza. Ukutani imewaka picha ya kichwa yenye madoa mekundu. Kaka yake Venanti, ambaye ndiye pia kocha wake, amesimama dirishani. "Ukiendelea kupigwa kichwani," daktari anasema, "miaka michache ijayo hutajua njia ya kurudi kwako." Naye Skolastika, bondia wa miaka thelathini na mitatu, anajibu bila kupepesa macho: "Andika kwamba nimesikia. Jumamosi napanda ulingoni." Daktari anainuka na kumkumbatia.

Ilikuwa kumbukumbu ya kuringia, na Skolastika aliringa nayo. Ndiyo iliyompa heshima katika mji mzima wa Morogoro, na ndiyo iliyompa kazi. Siku hizi kila bondia alivaa mazoezini kofia yenye utepe unaohesabu mitikisiko ya ubongo. Utepe ulianza kijani, ukaja njano, na ukifika wekundu, bondia hakuruhusiwa kupigana mpaka asimame mbele ya Jopo la Ridhaa. Huko alitakiwa kuwa na mtangulizi, yaani bondia wa zamani aliyewahi kuonywa, akachagua kuendelea, na leo anaishi na matokeo yake. Jopo halikutaka maneno ya mtangulizi, kwa kuwa ulimi hutia chumvi. Liliichukua kumbukumbu yake moja kwa moja kichwani na kuionyesha kwenye kioo, kisha kijana aliulizwa kama bado anataka.

Kwa miaka minane Skolastika alikuwa mtangulizi wa mabondia thelathini na mmoja. Wote waliitazama kumbukumbu yake, wote wakavimba vifua, na wote wakatia saini.

Wa thelathini na mbili angekuwa Tekla, binti yake wa pekee. Utepe wake ulikuwa umefika wekundu akiwa na miaka ishirini tu, na Jumamosi alikuwa na pambano la taji. Jumanne asubuhi mama na mwana walikwenda kupima, Tekla akaingizwa kwenye chumba cha picha, Skolastika akabaki kwenye benchi. Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mama mmoja mwembamba, mvi kichwa kizima, amevaa koti jeupe. Alikuwa amestaafu, lakini siku za Jumanne alikuja kuwasaidia vijana kusoma picha.

Skolastika aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyeona ndugu wa tumbo moja. "Daktari Ngonyani! Shikamoo!"

"Marahaba. Samahani, tunafahamiana?"

"Mimi Skolastika! Skolastika Mkude!" Akacheka. "Eh, Daktari, mwenye maradhi ya kusahau ni mimi, siyo wewe."

Yule mama alimtazama. Jina alilijua, hilo lilionekana usoni. "Wewe ndiye dada yake Venanti," alisema taratibu. "Mama, mimi na wewe hatujawahi kuonana."

"Ulinionyesha picha. Ulinikumbatia!"

"Mimi? Waulize wote waliofanya kazi na mimi kama nimewahi kumkumbatia mgonjwa." Hakuwa anatania. Alikaa kwenye benchi, akamshika Skolastika kiwiko ili naye akae. "Picha zako zililetwa na kaka yako. Alikuja peke yake. Nilimwambia siwezi kumpa yeye majibu ya kichwa cha mtu mwingine, amlete mwenye kichwa. Tukagombana, ndiyo maana namkumbuka. Kesho yake alirudi na fomu ina saini yako na dole gumba, akasema amekueleza kila kitu nyumbani. Mwisho nikampa majibu. Sikufanya vizuri, na nimeliwaza jambo hilo mara nyingi."

Skolastika alitaka kubisha, maana kumbukumbu yenyewe ilikuwa mbele ya macho yake, meza, dirisha, madoa mekundu. Badala yake aliamua kwenda kuhakikisha. Tekla alipotoka, mama yake alimwambia atangulie nyumbani, yeye ana shughuli.

*

Shughuli yenyewe ilikuwa Nyumba ya Ufumaji, ng'ambo ya barabara. Skolastika aliijua kama jikoni kwake, kwa sababu robo ya maisha aliyoyakumbuka ilikuwa imefumwa humo.

Kilichomleta hapo mara ya kwanza hakikuwa ngumi moja kubwa. Watu wengi hufikiri ubongo huharibiwa na ile ngumi inayomwangusha mtu. Wauaji wakubwa ni zile ndogo, za mazoezini, ambazo bondia huzipokea mamia kwa mamia huku anacheka. Kila moja hutikisa ubongo ndani ya fuvu, na kila mtikisiko huacha protini kidogo iliyojikunja vibaya. Protini hiyo hukaa kimya miaka mingi na kuenea polepole kwenye mikunjo ya ubongo, hata kama mtu ameshaacha ngumi. Skolastika alistaafu akiwa na miaka thelathini na minne, mzima wa afya. Akiwa na thelathini na tisa alianza kugombana na watu ovyo, mikono ikatetemeka, na siku moja sokoni alimuuliza muuza nyanya kama yeye, Skolastika, ana mtoto.

Dawa ziliuzuia ugonjwa usiendelee. Yaliyokwisha kuliwa yalikuwa yameliwa. Ndipo ufumaji ulipoingia. Mtu aliyeshuhudia maisha ya mgonjwa alilazwa kwenye kiti cha pembeni akumbuke jambo, mashine ikalichukua, ikaligeuza ili mgonjwa alione kutoka upande wake, kisha ikalishona juu ya tundu. Huyo aliitwa shahidi. Sheria ilitaka mashahidi wawili ili mmoja amchunge mwenzake.

Skolastika alikuwa na mmoja, Venanti. Mume wake alishafariki, wazazi pia. Kwenye fomu yake, nafasi ya shahidi wa pili iliandikwa: "Mjomba wa ukoo anatosha." Waluguru walioifanya kazi hiyo wakati ule hawakuona tatizo. Mtoto kwao ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye msemaji wa nyumba, ndiye anayeozesha na anayezika. Nani angemwomba mjomba alete mtu wa kumhakiki?

"Mimi ningemwomba," alisema Zuwena, mfumaji, ambaye alikuwa Mpemba na alikuwa na miezi mitatu tu mjini. "Haya, Mama Tekla, lala. Unataka tuangalie nini?"

"Siku ya Daktari Ngonyani."

"Fumba macho. Ingia chumbani kwake. Unanusa nini?"

Skolastika alivuta pumzi. Aliiona meza, aliyaona madoa. Chumba cha daktari, na hakuna hata chembe ya harufu ya spiriti.

"Sinusi kitu."

"Basi hiyo ni ya kufumwa. Harufu haifumiki, hatujaweza." Zuwena aligeuza kioo. "Zamani tuliishia kuona uzi. Mashine hii mpya inaona na chini yake. Subiri." Alisogeza uso karibu na kioo. "Mama Tekla, hapa hapakuwa na tundu."

"Unasema?"

"Kwingine kote uzi umekaa juu ya tundu, ndivyo inavyotakiwa. Hapa umeshonwa juu ya kumbukumbu nzima. Ilikuwa hai. Bado ni hai. Kuna mtu ametia kiraka kwenye kitambaa kizima."

Skolastika alilala pale akitazama dari. Alikasirika mpaka meno yakamuuma. Mtu akikuibia ng'ombe unajua kilichopotea. Yeye alikuwa ameibiwa, na juu ya wizi akapewa kitu cha kushukuru, na alikuwa amekishukuru kwa miaka minane mbele za watu.

"Kitoe," alisema.

"Kimoja hakitoki. Nyuzi za shahidi mmoja zimesokotana. Nikivuta huo, zinatoka zote alizokupa."

"Zote ni zipi?"

Zuwena alizisoma kwenye kioo bila haraka. Utoto wote kabla ya miaka kumi. Kipaimara. Harusi. Msiba wa mama. Kuzaliwa kwa Tekla.

*

Venanti alikuwa klabuni Mji Mpya anakaza kamba za ulingo. Alikuwa na miaka hamsini na tano, tumbo kidogo, sauti ya upole, mtu ambaye hata mbwa wa mtaani walimpenda. Alipomwona dada yake anaingia peke yake alitabasamu.

"Skola! Mwanao kanieleza kila kitu, wekundu mtupu. Usijali. Ijumaa mbele ya Jopo, Jumamosi taji linarudi kwenye ukoo."

"Kaka, nimeonana na Daktari Ngonyani."

Mikono yake ilitulia kwenye kamba. Hakuuliza kasema nini, na hapo Skolastika akajua kwamba yote ni kweli. Mpaka dakika ile alikuwa bado anatafuta upenyo wa kumtetea.

"Keti," alisema Venanti.

"Siketi. Ulinidanganya kwamba niko mzima, nikaenda kupigwa?"

"Pambano moja tu, Skola. Nilisema moja tu. Ulikuwa umelipigania taji miaka kumi, ningekuambiaje uache na lipo mlangoni? Halafu ukashinda. Kila mtu akakutaka." Alijifuta uso kwa taulo. "Yakawa matano."

"Na saini?"

"Ulikuwa unaniamini. Nilikuletea karatasi, ukasaini bila kusoma. Ulisaini kila nilicholeta."

Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa kuwa halikuwa hata na ujanja ndani yake.

"Na kumbukumbu? Ulikaa kwenye kile kiti, Kaka, ukatunga. Ukanitungia mpaka maneno ya kusema!"

"Ulikuwa unaniuliza kila siku!" Sauti ya Venanti ilipanda kwa mara ya kwanza. "Unasahau kwamba umeuliza, unaniuliza tena. 'Kaka, nilijua? Kaka, kuna mtu aliniambia?' Kila siku nikuue upya? Nikasema heri ujue kwamba ulichagua mwenyewe. Tazama ulivyoishi nayo. Umetembea kifua mbele. Ningekuachia ile nyingine ungekuwa mtu wa kulia uani."

"Ningelia machozi yangu."

"Skola..."

"Watoto wa watu thelathini na mmoja, Kaka. Wamesaini kwa kuniangalia mimi. Na Ijumaa ni Tekla. Ulikuwa unamtazama Tekla utepe unageuka, na ulijua ulichonifanyia, na ukanyamaza."

"Tekla ni mtu mzima. Tekla anaambiwa ukweli wote. Mimi simfichi kitu."

"Anaambiwa ukweli wote na mama wa uongo!"

Venanti alikunja taulo, akalikunja tena. Aliposema, alisema kwa upole ule ule ambao watu waliupenda. "Sawa. Ukikataa kusimama, Jopo lina nakala ya kumbukumbu yako, wataionyesha hiyo. Ukisema nimekudanganya, nitasema Skola ameanza kushuku watu, na daktari yeyote atawaambia kwamba kushuku ndugu ni dalili ya maradhi yako. Sitaki kusema hivyo. Lakini utoto wako ni mimi niliyekupa. Harusi yako ni mimi. Utasimama na kichwa gani kunipinga?"

Miaka mingi Skolastika alipigwa na watu waliotaka kumwangusha, na hakuna aliyewahi kumpiga yeye akiwa ameshusha mikono. Alitoka klabuni bila kumuaga.

*

Venanti hakungoja. Jumatano asubuhi Tekla alikuwa ameshapigiwa simu, naye alimpokea mama yake kwa sauti ile watu wanayoitumia kwa wagonjwa.

"Mama, Mjomba anasema jana ulimfokea. Anasema tusikusumbue sana wiki hii."

Skolastika alimweleza yote, la daktari, la Zuwena, la uzi. Tekla alisikiliza huku anafunga bandeji mkononi, anaifungua, anaifunga upya.

"Kwa hiyo unachosema ni kwamba mjomba wangu, aliyenilea tangu baba afe, ni mwongo. Wiki hii hii ya pambano langu."

"Ndiyo."

"Mama, ungekuwa mimi ungemwamini nani?"

"Yeye," alisema Skolastika. "Mimi mwenyewe nimemwamini yeye. Ndiyo maana kesho naving'oa viraka vyake. Ijumaa Jopo likichukua kumbukumbu mpya, ile ya zamani inafutwa. Utaona kwa macho yako kilichokuwa chini."

Tekla alielewa polepole, na alipoelewa aliacha bandeji ianguke. "Utang'oa vyote? Na nilivyozaliwa mimi?"

"Nilivyokuzaa ninavyokumbuka ni alivyokuona yeye amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa kitandani, Tekla."

"Lakini unavyo! Unanisimulia kila mwaka!" Binti alikuwa analia sasa, ngumi zimekunjwa, bondia asiye na wa kumpiga. "Na kama chini hakuna kitu? Kama ni maradhi tu yanakuzungusha? Utakuwa umenitupa bure."

Skolastika aliogopa, na alimwambia kwamba anaogopa. Kuendelea kuwa na uongo mmoja, na pembeni yake kuzaliwa kwa mtoto wake, mazishi ya mama yake na vigelegele vya harusi yake, halikuwa jambo la kudharau. Kuna watu wangechukua hivyo na kushukuru. Lakini bei ya kuvishika ilikuwa kichwa cha huyu aliyesimama mbele yake, na mtu aliyekubali kuilipa kwa kichwa cha mwingine alikuwa tayari yupo mmoja katika ukoo.

"Nikibaki navyo," alisema, "nitakukumbuka ulivyozaliwa, na wewe baada ya miaka ishirini hutanikumbuka mimi."

Alhamisi saa nne asubuhi Zuwena alivuta nyuzi. Ilichukua dakika kumi na moja na haikuuma hata kidogo.

*

Ukumbi wa Jopo ulijaa Ijumaa, kwa sababu mama na mwana kusimama pamoja lilikuwa jambo la kutazamwa. Tekla alikuja na mjomba wake, akaketi naye. Skolastika alikuja na Zuwena. Kwenye kiganja alikuwa ameandika kwa kalamu: *Msichana wa nguo ya bluu ni Tekla, binti yako.* Sura yake aliijua, hayo ya karibuni yalikuwa yake mwenyewe. Aliandika kwa hofu tu.

Mwenyekiti, mzee Chambo, aliuliza swali la kawaida. "Mtangulizi, uliambiwa?"

"Tazameni," alisema Skolastika, akavikwa taji la nyaya.

Kioo kikawaka. Hakikuonyesha chumba cha daktari. Kilionyesha uwanja wa nyuma wa klabu, mvua imetoka kunyesha, na kamba ya kuruka inapita mbele ya macho, inapita, inapita. Skolastika peke yake ndiye aliyesikia harufu, vumbi lililolowa na dawa ya kuchua, na harufu hiyo ilimjaa puani mpaka akafumba macho. Lango linafunguka. Anaingia Venanti, kijana zaidi, bahasha ya kahawia kwapani. Kamba inasimama. Sauti ya Skolastika, inahema: "Kaka! Kasemaje daktari?"

Venanti wa kwenye kioo anatazama chini. Anatazama muda mrefu. Halafu anacheka.

"Kasema kichwa chako ni jiwe. Hajaona kizima kama hicho. Jumamosi unapanda."

Na ile sauti ya kike inapiga kelele za furaha. Mikono yake inamrukia kaka yake shingoni, na bahasha inakunjika katikati yao.

Mzee Chambo aliivua miwani. Alisema kwamba Jopo haliwezi kupokea ridhaa iliyojengwa juu ya mtangulizi ambaye hakuambiwa, na kwamba zile ridhaa thelathini na moja zimesimamishwa kuanzia saa ile, wahusika waitwe wapimwe upya. Skolastika aliwaza ni wangapi kati yao ambao wito huo unawakuta wameshachelewa, na hakuweza kumtazama mtu usoni.

Tekla aliinuka. Kalamu ya saini ilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Aliiweka juu ya meza ya Jopo, akavua ile kofia yenye utepe, akaiweka karibu yake, kisha akapita mbele ya mjomba wake bila kumgusa.

Venanti aliwakuta nje, kwenye ngazi. Alikuwa amezeeka ndani ya nusu saa. "Skola," alisema, "nimekosa. Nimekosa sana, hilo sibishi. Lakini usinihesabie hilo peke yake. Baba alipokufa ulikuwa na miaka sita. Nani alikupikia uji? Nani alikupeleka shule? Nilikubeba mgongoni, Skola. Ukikumbuka hayo utajua kwamba nilikupenda."

Skolastika alitafuta. Alitafuta kwa haki kabisa, kwa sababu alitaka kumwonea huruma. Mema yote ya Venanti yalikuwa yametoka kichwani mwa Venanti, na yalikuwa yameondoka na nyuzi. Yaliyobaki ni ya miaka ya ngumi, ambayo sasa alijua mwisho wake, na siku moja klabuni, kamba za ulingo, taulo linakunjwa.

"Huenda ni kweli," alimwambia. "Lakini ninachokukumbuka, Kaka, ni Jumanne."

Alishuka ngazi, Tekla amemshika mkono. Walipofika barabarani aliuliza, kwa aibu kidogo, kama mtu anayemuuliza mgeni jina: "Mwanangu, wewe nilikuzaa wapi? Ilikuwaje?"

Tekla alimgeukia. "Sijui, Mama. Mimi nilikuwa mchanga."

Baba yake hakuwapo, na bibi hakuwapo. Duniani alibaki mtu mmoja aliyeiona siku ile, na alikuwa bado amesimama kwenye ngazi nyuma yao, anangoja kuulizwa. Wote wawili walilijua hilo. Wakavuka barabara.